Shavu Lililovimba



Juma hili tunaandika tukiwa na deni. Mama mmoja wa hapa Kasokola alimleta mwanawe wa miaka sita baada ya Misa, shavu la kushoto limevimba na meno yanacheza. Tulimwekea mikono, tukasema ni jino, wakarudi nyumbani. Jumapili iliyofuata jicho lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Siku saba zile tulizipoteza sisi, wala hatuna wa kumsingizia.

Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maili zipatazo 10,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza ni nani ameuona uvimbe huo. Wakabaini kwamba hupenda nchi za joto na mvua, mle mle anamoishi mbu wa malaria. Kwenye nyanda za baridi ni nadra. Mpanda yetu imo katika ukanda huo.

Jina lake ni limfoma ya Burkitt, nayo ni miongoni mwa saratani zenye mbio kuliko zote: chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ili kukisia nani atapona, madaktari huuliza: je, uvimbe umebaki tayani, au umeshuka tumboni? Umeingia katika uboho wa mifupa, au katika maji ya uti wa mgongo? Kipimo cha damu kiitwacho LDH kimepanda kiasi gani? Yapo maambukizi ya virusi vya UKIMWI? Katika nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi hupona. Kwetu Afrika mara nyingi hawafiki hata nusu, ingawa ugonjwa ni ule ule.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haionekani kwenye damu. Ni siku mgonjwa aliyofika, na kama alirudi.

Mtoto wetu alipewa rufaa ya Bugando, Mwanza: treni hadi Tabora, kisha basi. Kipande cha uvimbe kikakatwa na kupimwa, dawa ikaanza. Baada ya dripu ya kwanza uvimbe uliyeyuka ndani ya juma moja. Babu yake akapiga simu: “Baba, tumshukuru Mungu, kijana amepona. Warudi tuvune karanga.” Jumuiya nzima ilitaka kuimba. Nasi, tukiri, tulitamani kuamini. Lakini wengi hupotea hapo hapo: chembe zilizojificha huamka, na zikiamka, dawa ile ya kwanza mara nyingi haizitishi tena.

Safari hii hatukusema ni jino. Tulimwambia mzee kwamba Misa ya shukrani ipo, ila baada ya mzunguko wa mwisho wa dawa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza nauli ataitoa nani. Lilikuwa swali la haki, na sala peke yake isingelijibu.

Akina mama wa jumuiya wameuza mahindi. Karanga za familia zimevunwa na wanakwaya Jumamosi iliyopita, gunia moja na nusu. Mzunguko wa tatu ni Jumatano ijayo; mama na mwanawe wataondoka Jumapili, baada ya Misa ya kwanza.