Kigango Kina Wenyewe: Kusomea Makumbusho Ughaibuni na Nyumbani

Mwaka 1985, katika eneo la Kilifi, mzee wa Kigiriama aitwaye Kalume Mwakiru alipigwa picha akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Aliyempiga picha ni Monica Udvardy, mwanaanthropolojia kutoka Marekani aliyekuwa uwandani wakati huo. Aliporudi kumletea mzee nakala yake, aliambiwa vigango vimeibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika, Udvardy alikuwa akitazama slaidi za mtafiti mwenzake, Linda Giles, zilizoonyesha vitu vya Kiafrika vilivyohifadhiwa Illinois. Kimoja akakitambua papo hapo kuwa ni kigango cha Mwakiru. Cha pili kikaja kuonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kile cha Illinois kilikabidhiwa kwa Kenya mwaka 2006, cha Hampton kikafuata, na familia ikapata haki yake. Mzee Mwakiru hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha kufariki.

Kila Mwafrika Mashariki anayefikiria kwenda nje kusomea shahada ya uzamili ya anthropolojia tumizi na taaluma ya makumbusho angefaa kukijua kisa hiki kabla ya kujaza fomu ya maombi. Kilichovirudisha vigango vile ni picha moja, jina la mwenye mji, na mtu aliyezihifadhi kumbukumbu zake za uwandani kwa miaka yote hiyo. Chumba cha makumbusho chenye kiyoyozi kilikuwa kimevitunza vizuri sana, lakini hakikuweza kusema ni vya nani.

Kwa wasomaji wa bara: kigango ni mti mgumu uliochongwa na kunakshiwa, mara nyingi mrefu kuliko mtu, unaosimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha watu wenye heshima miongoni mwa Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao. Koma, yaani roho ya marehemu, inaheshimiwa pale. Anatolewa sadaka, anaelezwa habari za mji, anaombwa mvua na afya. Kigango hakiuzwi wala haking'olewi. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wafanyabiashara wa sanaa walivinunua kwa wezi na kuvipeleka Marekani, vikapamba sebule za matajiri kama sanamu za kisasa, kisha vikatolewa zawadi kwa makumbusho. Mwaka 2003 Udvardy na Giles, pamoja na John Mitsanze wa Kenya, walichapisha utafiti uliovihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani.

Sasa tumfuate mwanafunzi anayetua Denver, Colorado. Chuo Kikuu cha Denver kina shahada ya uzamili ya anthropolojia yenye mkondo wa makumbusho na urithi, na kina makumbusho yake ya anthropolojia. Mafunzo ya vyuo vya aina hii huanzia mikononi. Mwanafunzi huvaa glavu na kujifunza kukipa kila kitu namba yake: mwaka kilipoingia, fungu kililokuja nalo, nafasi yake katika fungu hilo. Namba haiandikwi juu ya kitu chenyewe. Hupakwa kwanza utando mwembamba wa gundi angavu unaoweza kuondolewa. Nguo za zamani huwekwa mahali penye mwanga hafifu sana, na kitu kinachoshukiwa kuwa na wadudu hufungwa vizuri na kugandishwa kwa siku kadhaa. Mwanafunzi anaambiwa pia jambo linalowashtua wengi: vitu vingi vya zamani vilipakwa arseniki ili visiliwe na wadudu, na sumu hiyo bado ipo. Anayevirudishiwa akivitumia tena kwenye ibada anaweza kudhurika.

Halafu inakuja sheria. Tangu mwaka 1990 Marekani ina sheria inayoyataka makumbusho yanayopokea fedha za serikali kuu kuorodhesha mabaki ya watu wa asili wa nchi hiyo na vitu vyao vitakatifu, kushauriana na makabila husika na kuvirudisha. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2024 zimekaza kamba: bila ridhaa ya kabila, vitu hivyo havionyeshwi. Mwezi huohuo makumbusho ya historia asilia ya New York yalifunga kumbi mbili nzima, na Field Museum ya Chicago ikafunika baadhi ya makabati yake. Mwanafunzi anayesoma katika hali hiyo anaona kwa macho jinsi taasisi kubwa inavyolazimika kuomba ruhusa. Ni somo zuri mno, na ni haki kulisifu.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo haimhusu Mgiriama. Vigango havimo ndani yake. Makumbusho ya sayansi na maumbile ya Denver yalikuwa navyo 30, vilivyotolewa zawadi mwaka 1990, na yalipotangaza mwaka 2014 kuvirudisha, yalifanya hivyo kwa dhamiri yao yenyewe. Vilifika Kenya mwaka 2019. Illinois State Museum nayo ikarudisha 37 mwaka 2023. Vyote hivi vilipitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na hapo ndipo penye uzito: vigango vya Mwakiru vilikuwa na mlango wa kubishia hodi, lakini vingi vya hivi vingine vilifika bila jina la marehemu, bila mji, bila ukoo. Aliyeving'oa hakuandika. Aliyevinunua hakuuliza.

Nyumbani nako hatukuanza jana. Mwaka 2000 ulianzishwa Mombasa mpango wa kuendeleza makumbusho ya Afrika, kwa ushirikiano wa shirika la kimataifa la uhifadhi la ICCROM na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Baadaye ukawa Kituo cha Maendeleo ya Urithi Afrika, kikiwafundisha wafanyakazi kutoka nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, huku ndugu zao wa nchi za Kifaransa wakienda Porto-Novo, Benin. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu 1985 na kimeongeza masomo ya urithi. Mafunzo ya huku yana shida zake za kweli, kwa mfano joto na unyevu wa pwani, mchwa, umeme unaokatika. Mhifadhi wa Mombasa au Lamu akitegemea kiyoyozi peke yake, ukungu utamshinda. Hufundishwa kutumia madirisha na rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni, na kufagia na kukagua kila wiki. Hiyo nayo ni sayansi, tena inayofaa majengo tuliyo nayo.

Lakini tofauti kubwa zaidi iko kwenye ruhusa. Ughaibuni mwanafunzi hupeleka pendekezo lake kwa kamati ya maadili ya chuo, kisha anayehojiwa hutia saini fomu ya ridhaa, na mara nyingi kazi ya kuomba ruhusa huishia hapo. Mtafiti wa Kilifi huanza na kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya; wa Tanzania huanza na cha COSTECH, tume ya sayansi ya nchi hiyo. Kisha hupita kwa wakuu wa serikali wa eneo, kwa chifu au mwenyekiti wa kijiji, ndipo afike kwa wazee. Mbele ya wazee karatasi ina nguvu ndogo. Mzee atauliza: wewe ni wa nani, umetumwa na nani, na haya maneno yanakwenda wapi? Huenda asijibu siku hiyo. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na wazee wa kaya ndio walinzi wake wa jadi. Yeyote anayefanya kazi huko hujifunza upesi kwamba ridhaa haitolewi mara moja ikaisha. Huombwa tena kila jambo jipya linapozuka, na inaweza kuondolewa. Kanuni za Marekani za 2024 zimekuja kuandika kisheria kile ambacho wazee hawa wamekuwa wakikidai siku zote.

Mwaka 2023 Berlin ilitoa ushahidi mwingine wa thamani ya jina. Taasisi ya urithi ya Prussia ilikuwa ikichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Ni machache tu yaliyokuwa na taarifa za kutosha kutafutiwa jamaa, na vipimo vya vinasaba vikawapata ndugu walio hai Tanzania. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno 'Akida', likalingana na ukoo wa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Maabara ilithibitisha, lakini bila neno lile moja na bila familia za Kilimanjaro zilizolitunza jina hilo zaidi ya karne, isingekuwa na mtu wa kumpima.

Kwa hiyo anayekwenda nje aende, ila aende na kazi ya nyumbani mkononi. Tasnifu ya miaka miwili isipotee kwenye nadharia ya makumbusho kwa jumla; ichague mkusanyo mmoja wa Afrika Mashariki uliolala kwenye ghala la mji anaosoma, ifuate barua na risiti zake, kisha majina yarudishwe Kilifi, Songea au Bukoba yakaulizwe kwa wanaojua. Vyuo vya huku navyo vimweke mzee mwenye ujuzi darasani kama mwalimu anayelipwa, na vimpe mwanafunzi alama kwa kuandika majina sawasawa kama vinavyompa kwa kuandika insha.

Nanyi mnaoishi Denver, Leicester, Leiden au Berlin bila kusomea haya, ziko kazi mnazoweza kufanya. Mradi wa Kenya na Ujerumani ulioonyeshwa Nairobi mwaka 2021 uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko katika taasisi za nje, na orodha hiyo ilipatikana kwa kuuliza tu, taasisi moja baada ya nyingine. Yaandikieni barua makumbusho yaliyo karibu nanyi, ombeni orodha ya vitu vilivyotoka kwenu, na mkipata jina la mtu au la kijiji, lipelekeni nyumbani.