Toba ya Dalali wa Viazi

Ushuhuda wangu hauna pombe ndani yake. Nasema mapema kwa sababu huku kwetu Mlangali mtu akisimama kanisani kushuhudia, wasikilizaji huwa wameshajua ataanzia wapi: ulanzi, wanawake, mganga. Mimi ulanzi sikuuzoea, hata ule mtogwa mtamu wanaopewa wageni. Nina ndoa moja, ilifungwa kanisani. Niliimba besi kwenye kwaya, na kwa miaka kadhaa nilishika daftari la sadaka la mtaa wetu wa Kilutheri. Dhambi yangu ilikuwa kwenye gunia la viazi. Ilishonwa kwa kamba mchana kweupe, watu wakiiona.

Nilikuwa dalali. Asiyeijua nchi yetu aelewe kwamba Mlangali ni tarafa ya nyanda za juu za wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ni nchi ya ukungu na baridi, na viazi mviringo vinaipenda. Mnunuzi hutoka Dar es Salaam akafikia Makambako, pale barabara kuu ya Mbeya inapokutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Huku milimani hapandi. Anapiga simu kwa mtu wa kijijini, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipatana bei na wakulima, nikatafuta vijana wa kujaza na kushona, Fuso ikifika usiku ikute mzigo uko kando ya barabara. Kabla barabara ya Itoni kwenda Ludewa haijaanza kuwekwa zege, masika gari liliweza kulala njiani kwenye utelezi. Mkulima aliyekwisha kuchimba viazi vyake alikuwa hana ujanja: anamsikiliza dalali au anaviangalia vikigeuka kijani.

Hapo ndipo lumbesa inapostawi. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linavikwa kilemba: viazi vinapangwa juu, vinafungwa kwa kamba za kusuka, gunia linakuwa refu kuliko kijana anayelishona. Serikali imelipiga marufuku jambo hili mara nyingi. Ipo Sheria ya Vipimo, upo Wakala wa Vipimo, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini shambani mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo, na kile kilemba hakina bei. Kinakwenda bure. Bure hiyo tuligawana, mnunuzi na mimi.

Lumbesa ningeweza kumtwika mnunuzi, na kwa muda mrefu ndivyo nilivyofanya moyoni. La debe lilikuwa langu peke yangu. Wapo wakulima wadogo ambao hawafikishi gunia, wengi wao wajane na wazee, na kwa hao nilinunua kwa debe. Debe lenyewe nililiweka kitako juu ya mchanga nikaligonga kwa ndani kwa mchi, taratibu, mpaka kitako kikavimba na mbavu zikatanuka. Likikaa chini, huoni kitu. Likijazwa, linameza.

Basi ikaja Jumapili ya mavuno. Kwetu baada ya ibada tunatoka nje kwa mnada: vikapu vya viazi, mahindi, maboga, jogoo aliyefungwa miguu, mayai. Mnada huo niliupenda sana. Nilikuwa mtu wa kupandisha bei, kikapu cha viazi nakinunua kwa fedha ya kununulia vikapu vitatu, kisha nakirudisha kiuzwe tena, akina mama wanapiga vigelegele. Siku ile mahubiri yalikuwa ya Zakayo, na aliyehubiri alikuwa mwinjilisti wetu mstaafu, mzee asiye na haraka. Alisema sisi tunapenda Zakayo wa juu ya mkuyu, tunawafundisha watoto wamwigize, ila tunamwacha hapohapo mtini. Hatumfuati nyumbani kwake alikoanza kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Nililia. Sikuigiza. Wito ulipotolewa nikaenda mbele, nikapiga magoti, nikaungama mbele ya watu kwamba nimetenda dhambi ya tamaa. Kwaya ikaanza wimbo, watu wakaja kunishika mkono, Bwana Yesu asifiwe, amina. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikala ugali wangu vizuri, na debe likiwa palepale nyuma ya mlango.

Jioni mzee akaja. Alikunywa chai, akauliza habari za watoto, ndipo akasema, “Baba, ile tamaa uliyoitaja, ilikuwa tamaa ya nini?”

Nikamwambia Mungu anajua.

“Mungu anajua tangu zamani. Nakuuliza mimi ambaye sijui.”

Nilimchukia kwa muda mfupi. Watu wote wameshanisamehe, wewe nani wa kufukua? Lakini mzee huyu alilelewa na watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, na watu wa Uamsho toba ya jumla hawaijui. Alinieleza habari ambazo kanisani huwa tunazisikia nusunusu: jinsi Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari Mwingereza Joe Church walivyokutana mwaka 1929 wakasoma Maandiko pamoja, jinsi moto ule ulivyowaka Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda, Kenya, na kufika Bukoba kwenye miaka ya 1930. Alama yake haikuwa machozi. Watu walirudisha. Mtu alibeba jembe alilomwibia mwajiri wake akalipeleka mchana, mwingine akaenda ofisini kulipa kodi aliyoikwepa, na maofisa wakabaki wamepigwa butwaa maana hapakuwa na fungu la kuingizia fedha ya namna hiyo. (Hilo la fungu alilisimulia akicheka. Alikuwa na ucheshi ambao mimbarani hauonekani.) Mambo yalitajwa kwa majina yake. Walikuwa na neno, kutembea nuruni, maana yake aliyekukosea anakwambia, nawe uliyemkosea unamwambia, hakuna kukaa na kitu ndani.

Nikamweleza habari za debe. Alinyamaza, akaomba alione.

Sasa nieleze jambo la imani, maana wengi hudhani hapa ndipo nilipopata ujasiri. Sikupata. Nilikuwa na hofu iliyoniumiza tumbo. Nilikuwa mtu anayeheshimika; heshima ndiyo iliyokuwa mali yangu ya pili baada ya shamba la mipaina. Mzee aliniambia kitu kimoja tu: kama kweli naamini Kristo amenipokea siku ile pale mbele, basi sina tena haja ya kuonekana mwema. Kazi ya kuonekana mwema imekwisha. Ninaweza kwenda mlangoni kwa mtu nikiwa mwizi, na nikatoka bado nikiwa mwana wa Mungu. Kila Oktoba 31 Walutheri tunakumbuka hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517, na hoja ya kwanza kabisa ni kwamba maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Nilikuwa nimeifundisha hiyo kwa watoto wa kipaimara. Nilifikiri ni habari ya kusikitika sikitika.

Nilianza na bibi mmoja mjane ambaye nilinunua viazi vyake misimu mingi. Si wa kwetu, ni Mkatoliki, kama walivyo wengi Ludewa. Nilimchagua kwa hila kidogo: niliona kuanza na mtu asiyesali nami kutapunguza aibu. Nilibisha hodi, nikasema shikamoo Bibi, Bwana asifiwe. Akajibu kwa salamu yao, Tumsifu Yesu Kristo, nami sikujua kama natakiwa kuitika milele amina au nikae kimya. Nikaitika.

Nilisema yote. Nilitaja debe, nilitaja mchi.

Bibi akaniuliza, “Umekuja kuomba msamaha au kulipa?”

“Vyote, Bibi.”

“Anza na kulipa. Msamaha ni wangu, nitautoa mwenyewe nikishapima.”

Akamtuma mjukuu alete debe lake. Akaniambia nirudi na langu, nami nikarudi nalo, njia nzima nimelishika mkononi watu wakinisalimia. Tukajaza viazi debe langu, tukavimimina kwenye lake. Vikajaa, vikazidi, vilivyozidi vikamwagika kwenye mkeka. Wajukuu waliviangalia, kisha wakaniangalia mimi. Akavihesabu kimoja kimoja bila kusema neno, kisha akaanza kutaja misimu: mwaka ule wa mvua nyingi, madebe mangapi, mwaka aliofiwa, mangapi. Alikumbuka yote. Mimi niliyekuwa na daftari sikukumbuka.

Halafu akasema jambo lililonipiga kuliko mahubiri yoyote. Walikuwa wanajua. Debe langu lilikuwa na jina kijijini, waliliita Mjamzito. “Leo dalali anakuja na Mjamzito,” ndivyo walivyoambiana. Nikamuuliza, kwa nini basi mliniuzia? Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. Ada ya shule haisubiri mtu mwema, alisema.

Kwa hiyo wakati nikiimba besi, wakati nikipandisha bei mnadani, walikuwepo watu waliokuwa wakinitazama wakijua. Wengine walikuwa benchi la nyuma yangu. Walinipa mkono wa amani. Mpaka leo sijaamua kama huo ulikuwa upendo au woga, na nadhani nao hawajaamua.

Malipo yalichukua misimu. Mzee alinikumbusha kwamba Torati inamtaka mdhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, nami mara nne ya Zakayo sikuiweza, nikashika ya tano. Niliuza mipaina yangu ikiwa bado haijakomaa, kwa bei ya hasara. Mke wangu hakufurahi, na ana haki; nilitubu kwa mali yake pia bila kumwuliza. Wengine niliwalipa fedha, wengine mbegu za viazi, wengine mbolea. Alitokea mtu akadai nami sikuwahi kununua kwake hata kiazi. Nilimkatalia, na hadi sasa hatuelewani vizuri.

Wanaoshuhudia huwa wanafika mahali wanasema, na Bwana akanirudishia maradufu. Kwangu haikuwa hivyo. Nilipomwambia mnunuzi wangu kwamba sishoni kilemba tena, hakugombana nami, alihamia tu kijiji cha jirani. Udalali uliisha. Leo nalima ekari zangu, nauza kwa kilo kwa anayekubali mizani, na kwaya bado naimba, ila hazina niliiacha.

Kilichobadilika kiko kwingine. Kulipa kulinilazimisha niingie kwenye nyumba za watu. Nilikuwa nasali nao miaka na miaka nikiwajua kwa migongo na kwa madebe. Sasa nilikaa jikoni kwao, nikajua nani ana mtoto anayeugua kifafa, nani analea wajukuu peke yake, nani hajui kusoma na huwa anakishika kitabu cha nyimbo kwa adabu tu. Yohana mzee katika waraka wake wa kwanza anasema tunajua tumevuka kutoka mautini kwa kuwa tunawapenda ndugu. Zamani nilisoma hapo nikajiona nimevuka, maana sikuwa na ugomvi na mtu. Kutokuwa na ugomvi na mtu unayemwibia ni rahisi sana.

Na hao ndugu wenyewe ni akina nani? Mzee alipenda kumtaja Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, na ambaye naye alikuwa mtoto wa Uamsho. Kibira aliandika kitabu juu ya kanisa na ukoo, akiuliza damu ya Kristo inajenga udugu wa namna gani mahali ambapo watu wanajua tayari ndugu ni nani. Kwetu swali linazidi kidogo: tuna ukoo, na juu ya ukoo tuna dhehebu. Bibi alipougua nikakodi pikipiki kumpeleka hospitali ya Lugarawa, waliokesha naye walikuwa akina mama wa jumuiya yake ndogo ndogo. Walinikuta nimekaa kwenye benchi. Mmoja akauliza, huyu ni nani wako? Bibi, sauti haipo vizuri, akajibu: “Mdeni wangu.” Akina mama wakacheka, wakanimiminia chai. Tangu hapo nafika kwenye jumuiya yao wanapokutana kwake. Rozari siijui, nakaa nasikiliza, kisha wananiomba niwaanzishie wimbo kwa vile nina besi.

Neno “nimekusamehe” Bibi hajalisema. Viazi vyake vikiwa tayari anamtuma mjukuu aniite nikapime, kwa debe lake, na majirani wanaleta vyao pale pale. Mnunuzi akija na debe lake la kwake, Bibi anamwambia apimiwe na mimi.

Bado zipo familia sijazimaliza. Moja ilihama zamani ikaenda Makambako, upande wa stesheni. Nimepata namba ya mtoto wao wa kiume. Nilipopiga mara ya kwanza nikajitambulisha, alikata simu. Ya pili alisikiliza, akauliza ni madebe mangapi, akasema atamwuliza mama yake, na mama yake ametuma jibu kwamba fedha hataki kupokea kwa simu. Nije mwenyewe, na debe nije nalo.