Kikopo Chenye Moyo

Kazi yangu ni kusoma. Nalipwa kupekua taarifa za watu na kutafuta walichokificha aya ya mwisho. Ila mwaka jana nilikaribia kumlisha mama yangu kitu ambacho sikukisoma.

Mama ana ugonjwa wa figo. Daktari alimkataza chumvi nyingi, naye ni mtu wa Tanga. Samaki asiyekolea kwake ni adhabu. Alikuwa anakula matonge matatu, anasukuma sahani. "Mwanangu, hivi nitakula hivi mpaka lini?"

Siku moja supamaketi nikaona kikopo cha chumvi. Mbele kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba sodiamu imepunguzwa, na kimechorwa moyo mwekundu. Nikabeba viwili. Njia nzima najisifu, sitanii.

Jikoni, nikisubiri amalize kuswali, nikakigeuza. Nyuma, kwa maandishi ya kutafutia miwani: kloridi ya potasiamu. Yaani sodiamu imetolewa, nafasi yake ikajazwa potasiamu. Mtu wa presha mwenye figo nzima inaweza kumfaa kweli. Lakini figo za mama hazimudu kuitoa. Hujikusanya kwenye damu, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Ule moyo uliochorwa, jamani!

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kwenye mlango wa friji. Karatasi ya kliniki ilibandikwa pale miezi: punguza ndizi, machungwa, dafu, mchicha, viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Niliisoma kama orodha ya sokoni. Sikuwahi kujiuliza vyakula hivyo vinashirikiana nini. Mwandishi mzima!

"Umeleta nini?" Mama akauliza. Nikamweleza. Akakichukua kikopo, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu. Hakuona kitu.

"Sasa hawa wamemwandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia daktari, akasema nisikifungue kabisa. Nikafikiria kumpa jirani, nikakumbuka kwamba za jirani pia sijui zikoje. Vikopo vyote viwili vikaenda jalalani.

Usiku ule samaki alipata ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga. Mama alikula matonge matano. Nilihesabu.