Lilikuwa Linapanda Kabla Hamjalitengeneza

Najua nimepotea. Kuna aliyeniandikia kuuliza kama gazeti limenihamisha kutoka Songwe. Hapana, bado nipo, nazunguka Vwawa na Tunduma na kalamu yangu. Kilichoninyamazisha ni aibu. Leo naitoa.

Wengi mnaikumbuka ile Subaru Forester ya kaka. Yeye ni wakala wa forodha pale mpakani Tunduma, aliinunua mtumba kutoka Japani kwa akiba ya miaka mitatu. Injini ya sentimita za ujazo 2,000, yenye tabo. Ilikuwa gari nzuri tu. Tatizo lilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nakesha kwenye intaneti nikiangalia video za vijana wa Japani na Marekani wanaoongeza nguvu za injini, kisha asubuhi nampelekea kaka "utafiti". Kwa kuwa nimesoma chuo kikuu, kaka akaniamini. Hapo ndipo palipoanzia.

Tulifanya mambo manne. Tukatoa boksi la chujio la hewa na kufunga lile la wazi lenye umbo la pia, linalovuma kama ndege. Tukabadilisha eksosi. Tukafunga kivalvu cha kupandisha presha ya tabo, kutoka kama baa 0.8 hadi 1.2. Na fundi mmoja akatushauri tutoe themostati "ili injini ipumue", maana joto lilikuwa linapanda kidogo mlimani. Kompyuta ya injini hatukuigusa. Kuirekebisha ni gharama, na mtu anayeijua kazi hiyo hatukumpata huku. Tukasema tutafanya baadaye.

Jamani, gari ilikimbia! Mwezi mzima vijana wa Mpemba walikuwa wakisikia mvumo wanajua ni sisi.

Sasa basi. Siku hiyo tulimpeleka Mama Mbeya kwenye kliniki yake ya shinikizo la damu. Tukachelewa kutoka. Wanaoijua njia hii wanajua: ukitoka Mbalizi unashuka hadi mto Songwe, halafu unaanza kupanda Senjele kuelekea Mlowo. Barabara ni ile ile ya TANZAM, malori ya Zambia na Kongo yamepangana, na jua lilikuwa linazama. Kaka akayapita malori mawili kwa mpigo, mguu sakafuni. Nikasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Nikadhani ni eksosi. Baada ya dakika chache nguvu zikaisha, moshi wa bluu ukatanda nyuma, injini ikatetema na kuzima. Tukasimama katikati ya mlima, giza linaingia, Mama kiti cha nyuma.

Nimeandika habari za ajali za Senjele. Nimehesabu miili pale. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mimi ninayekata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani huku nikisikia breki za malori zikilia. Tulimtoa Mama, tukampeleka mbali na lami, akakaa juu ya jiwe na khanga yake. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba panga likanidondoka mara mbili.

Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, akasimama mbele yetu na kuwasha taa za tahadhari. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akafunua boneti, akaangalia kwa tochi. Hakuuliza imekuwaje. Aliuliza, "Mmebadilisha nini?"

Injini ilifunguliwa wiki iliyofuata. Pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika ukingo, pale katikati ya ringi na ringi. Fundi wa safari hii, mzee asiye na maneno mengi, alinieleza na mimi nikaenda kuhakikisha mwenyewe. Naomba niwaeleze kwa lugha rahisi.

Kompyuta ya injini hupima hewa inayoingia ndipo iamue petroli kiasi gani na cheche ipige lini. Chujio letu la wazi lilivuruga kipimo hicho, petroli ikawa pungufu. Tabo nayo ikasukuma hewa kuliko ilivyopangwa. Mchanganyiko ukawa mkavu na wa moto mno, ukaanza kulipuka wenyewe ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio. Ile ndiyo sauti ya kokoto. Kila mgongo ni nyundo juu ya pistoni. Kwenye tambarare unaweza usigundue. Mlima mrefu haukupi nafasi ya kupumzika.

Halafu kuna huu mwinuko wetu. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko Dar. Tabo inajitahidi zaidi, rejeta inapoza kwa shida zaidi, na maji matupu huchemka kabla ya nyuzi 100. Na themostati? Joto lilipanda kwa sababu rejeta ilikuwa imeziba nusu. Tulitoa kifaa, tukaacha ugonjwa. Asubuhi za baridi za Vwawa injini ikawa inachelewa kupata moto wake, inakunywa petroli na kujisaga.

Wazee wetu waliokimbia Safari Rally walilijua hili. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, gari la kawaida la familia. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Kushinda kulianza na kufika.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kazini nikimhoji diwani namuuliza: nani amekwambia? Una ushahidi gani? Nani hakubaliani nawe? Kwa injini ya kaka sikuuliza hata moja. Nilimwamini kijana wa kwenye video ambaye hajawahi kupanda Senjele.

Kaka alinunua injini nyingine ya mtumba kwa pesa alizoziweka kwa ajili ya kiwanja. Ninamlipa kidogo kidogo kila mshahara. Boksi la chujio limerudi, themostati imerudi, rejeta ni mpya na ina kipozeo, si maji ya bomba. Kivalvu kiko mezani kwangu hapa ninapoandika. Tukitaka nguvu tena, tutaanza na upozaji, breki na kompyuta, kitu kimoja kimoja, presha mwisho kabisa.

Usiku ule, tukiwa tunasubiri gari la kutuvuta, nilimwomba Mama msamaha. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mbona lilikuwa linapanda kabla hamjalitengeneza?"

Sikuwa na jibu. Wewe msomaji unalo?