Viatu Vizito vya Kibomet

Mvua ya Kitale haina haraka. Huanza Machi au Aprili, na ikifika Juni inakuwa imeshajipangia ratiba yake: asubuhi anga safi, mchana mawingu yanajikusanya upande wa Mlima Elgon, na kuelekea saa kumi matone mazito yanaanza kupiga mabati. Usiku kucha udongo unakunywa. Alfajiri ukitoka nje pale Kibomet, pembezoni mwa mji, unaikuta barabara imelainika, nyekundu, inang'aa, na vijana wamesimama njia panda wakinyoosha misuli kana kwamba hapo ndipo mahali bora pa kukimbilia duniani.

Nimekuja kukubaliana nao.

Katika nchi za baridi kuna mbio za viatu vya theluji. Mkimbiaji hufunga chini ya kiatu chake fremu pana inayotandaza uzito wake asizame, kisha anashika njia ya msituni ambako mtu wa kawaida angekwama magotini. Mchezo huo umo katika michezo ya majira ya baridi ya Special Olympics, na watu wa kaskazini kabisa ya dunia hushindana nao katika Arctic Winter Games. Kitale iko digrii moja tu kaskazini ya Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, na theluji haijui. Lakini ardhi inayomzamisha mkimbiaji na kumng'ang'ania mguu iko tele. Tena Kibomet kiatu kipana hakinunuliwi dukani. Kinajijenga chenyewe, tope juu ya tope, mpaka soli inatokeza pande zote na kila mguu unauhisi uzito wake. Hizo ndizo mbio nilizotoka Mombasa kuja kuzijaribu kwa mara ya kwanza.

Saa kumi na mbili kasoro bado kuna ukungu. Mtu wa pwani baridi ya hapa inamwingia kwanza masikioni, halafu vidoleni, na pumzi inatoka mdomoni ikionekana. Harufu zinakuja moja moja: moshi wa kuni kutoka jikoni za nyuma ya nyumba, mikaratusi iliyolowa, zizi la ng'ombe, na juu ya zote harufu ya mahindi mabichi, kwa sababu hapa shamba halingoji mji uishe. Nyumba mbili za kupangisha, kisha robo ekari ya mahindi yaliyofika kifuani, kisha duka la rejareja, kisha mahindi tena.

Pale njia panda salamu zenyewe zinatosha kukuonyesha uko wapi. Huyu anasema "Chamgei", anajibiwa "Chamgei mising". Yule aliyehamia kutoka upande wa Bungoma anasema "Mulembe", na wanaomwitikia si Wabukusu peke yao. Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu, wote wana watoto kwenye kundi hili la alfajiri, na wakishaanza kukimbia wanasemezana kwa Kiswahili. Mimi niliitwa "mgeni", na jina hilo likanifaa siku nzima. Kila aliyelitamka alilifuatisha na jambo jema: mgeni simama hapa mbele, mgeni funga kamba vizuri, mgeni umekunywa maji?

Hakuna nambari kifuani wala bastola ya kuanzishia. Mzee mmoja mwenye koti refu na gambuti alisema tu, "Haya, twendeni," na barabara ikaanza kupiga kelele chini ya miguu.

Mita za kwanza ni udanganyifu, maana kati ya nyumba kuna kokoto zilizomwagwa na wapangaji. Baada ya ua wa kayaba wa mwisho, udongo mtupu unaanza. Matrekta na malori yamechora mifereji miwili mirefu iliyojaa maji, na katikati yake kuna tuta laini kama unga uliokandwa. Nilielekea huko. Binti mmoja aliyekuwa kando yangu, mwanafunzi wa sekondari mwenye sweta ya shule iliyofungwa kiunoni, akaniambia bila kupunguza mwendo: "Usikanyage katikati. Fuata nyasi. Na usipigane na matope, yatakuchosha."

Nikafuata nyasi. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kunifunukia. Hatua inafupishwa. Goti linapanda juu zaidi kuliko kwenye lami, na mguu unatua bapa, kidole na kisigino kwa pamoja, kisha unanyanyuliwa haraka kabla udongo haujakaza mkono wake. Mikono inatanuliwa kidogo kando kwa ajili ya mizani. Wenye uzoefu hawatazami miguu yao; wanatazama hatua tatu mbele, wakichagua jani, jiwe, mzizi. Vijana wawili walikuwa wamevua viatu, wamevifunga kamba na kuvitundika shingoni, na nyayo zao zilikuwa zinashika ardhi vizuri kuliko soli yoyote niliyoiona asubuhi ile. Kila baada ya muda mtu anapiga teke hewani na bonge la tope linaruka hadi shambani. Nilijifunza teke hilo mapema, na nakiri lina raha yake.

Tukashuka bondeni penye maji, tukavuka kwa kurukaruka juu ya mawe, na upande wa pili kilima kikatungoja. Kupanda kwenye utelezi kunataka kwenda upande, mguu mmoja ukichimba na mwingine ukifuata. Wachuuzi wa maziwa walikuwa wanateremka na bodaboda, mitungi imefungwa ubavuni, wakiongoza pikipiki kwa miguu yote miwili chini. Walitupisha. Watoto waliokuwa wakielekea shuleni walikimbia nasi hadi mwisho wa ua wa shamba lao, mikoba ikiwapiga mgongoni, kisha wakasimama kutushangilia.

Na juu ya kilima, ukungu ulikuwa umefunguka. Magharibi alisimama Elgon, mpana, bluu, amelala kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kilele chake kirefu kabisa kikifika mita 4,321 upande wa Uganda. Mashariki jua lilikuwa linatokea kwenye milima ya Cherangani. Katikati ya milima hiyo, bonde zima la mahindi. Nilisimama, na hakuna aliyenikemea kwa kusimama. Kila mgeni husimama pale, walisema.

Mlima ule ndio uliomlea Ben Jipcho. Alizaliwa eneo la Elgon mwaka wa 1943, akashinda fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki za Munich mwaka wa 1972, nyuma ya Kipchoge Keino, na mwaka uliofuata akaivunja rekodi ya dunia ya mbio hizo. Mwaka wa 1974 huko Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alirudi na dhahabu mbili na shaba moja. Nikiwa nimetoka kuruka lile dimbwi la bondeni nikaona jinsi mtoto wa huku anavyoingia katika mbio za maji bila kufundishwa kuyaogopa. Hali kadhalika mbio za nyika. Timu ya wanaume ya Kenya ilishinda ubingwa wa dunia wa nyika mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003, na mbio za nyika ni hizi hizi: nyasi, kilima, tope, baridi ya asubuhi. Makocha wanaweza kueleza mengi kuhusu mwinuko na lishe. Mimi, baada ya asubuhi ile, naiheshimu zaidi ardhi yenyewe.

Kurudi kulikuwa kuteremka, na kuteremka kwenye tope kunahitaji moyo kuliko mapafu. Wenzangu walipotea mbele. Nilipoikaribia njia panda niliwakuta wote wamesimama, hata wale waliofika zamani, jasho likiwapoa na baridi ikiwarudia. Hawakuondoka. Walinipigia makofi nilipopita, mzee wa gambuti akanishika mkono na kusema, "Sasa umefika Kibomet."

Nilimkumbuka Philip Boit, kijana wa upande wa Eldoret, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za majira ya baridi. Ilikuwa Nagano, Japani, mwaka wa 1998, mbio za kilomita 10 za kuteleza kwa ski. Alishika nafasi ya 92, ya mwisho, lakini alipofika mstarini alimkuta mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, bado anamngoja ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Dunia ilikisimulia kisa kile kwa mshangao mkubwa. Kibomet kumngoja wa mwisho ni kawaida, na sikusikia mtu akilizungumzia jambo hilo kama wema wa pekee.

Kabla ya chai kuna kazi ya viatu. Mlangoni kwa mama aliyetukaribisha pana kipande cha chuma kilichopigwa ardhini, unakwangua soli hapo; kisha kijiti cha kuchokoa mianya; kisha beseni la maji ya mvua. Viatu vikaegemezwa ukutani mstari mmoja, vidole juu, vikingoja jua. "Vikikauka kidogo vitapigwa tena kesho," mama alisema, akatusukuma ndani.

Chai yake ilikuwa nzito kwa maziwa, na karibu yake kulikuwa na nduma za kuchemsha, viazi vitamu na kibuyu cha mursik. Maziwa yale yaliyogandishwa yana weupe wenye doa la kijivu la mkaa wa mti unaosuguliwa ndani ya kibuyu, na ladha yake ni ya ukali na moshi kwa pamoja. Kikombe cha kwanza nilikinywa polepole. Cha pili nilikiomba mwenyewe, na nyumba nzima ikafurahi.

Mchana nikaenda mjini. Bodaboda alinizungusha njia ndefu, kwa sababu ile fupi ilikuwa imefungwa na lori lililonasa, na watu wasiopungua kumi walikuwa wanalisukuma huku wakiimba. Kitale ni mji wa mbegu na gunia. Reli ilifika hapa miaka ya 1920, na Kenya Seed Company ilianzishwa hapa mwaka wa 1956. Hadi leo maduka ya pembejeo yanashindana kwa rangi na vyakula vya mifugo vinanukia hadi barabarani. Kwenye jumba la makumbusho, lililokua kutokana na mkusanyiko wa wadudu, ndege na vitabu wa mlowezi Hugh Stoneham, nilitembea kwenye kipande cha msitu kilichohifadhiwa nyuma ya jengo. Njia ina utelezi. Nilikuwa tayari najua pa kukanyaga.

Saa kumi ikafika, na mvua nayo. Kwanza ilileta mawe, punje nyeupe zilizoruka juu ya nyasi na kuyeyuka kabla watoto hawajazijaza viganjani. Stima ikapotea. Mama akawasha taa ya sola, akaendelea kusonga ugali katikati ya kelele za mabati zilizotuzuia kuzungumza. Tulikula kuku wa kienyeji na mrenda unaovutika, gizani nusu, bila haraka, na kila aliyebisha mlango kwa kujikinga mvua alipewa kiti na sahani.

Ukitaka kuja, Kitale iko kama kilomita 70 kutoka Eldoret, na matatu ni nyingi mchana kutwa. Wengi watakushauri usubiri kiangazi cha Desemba na Januari, barabara zikiwa kavu. Usiwasikilize. Njoo Juni au Julai, lete sweta nzito na viatu ambavyo huvionei huruma, ulizia njia panda wanakokutania wakimbiaji, na ufike kabla ya saa kumi na mbili.