Chumba Namba 7 na Orodha ya Pili

Ninafundisha Kiswahili mjini Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na wanafunzi wangu wengi hawana haja na ushairi. Ni vijana wanaosomea hoteli na utalii. Wanakihitaji Kiswahili kwa sababu wageni wanaopita hapa hutoka Nairobi, Goma na Bujumbura, na si wote wanaoagiza chai kwa Kiingereza. Wanaporudi kutoka mafunzo ya vitendo huandika ripoti, nami huzisahihisha. Kwa njia hiyo nimejifunza mambo ya kompyuta za hoteli ambayo hakuna kitabu cha sarufi kingenifundisha.

Katika ripoti moja nilikutana na sentensi hii: "Chumba namba 7 kilikuwa kibovu kwenye kompyuta kwa wiki tatu, lakini mashuka yake nilikuwa nikiyafua kila asubuhi." Sarufi yake haikuwa na kosa. Niliweka kalamu chini.

Ili uelewe uzito wa sentensi hiyo, yafaa ujue mfumo wa hoteli unavyofanya kazi. Kila chumba huwa na hali yake kwenye kioo cha kompyuta: kitupu, kina mgeni, kichafu, kimesafishwa, au kiko kwenye matengenezo. Chumba kilicho kwenye matengenezo hakiwezi kuuzwa na mfumo. Kwa hiyo hakidaiwi fedha, wala jioni hakuna anayeuliza kwa nini hakikuleta kitu. Mtu wa mapokezi akikiweka chumba namba 7 katika hali hiyo, kisha akampa mgeni ufunguo kwa fedha taslimu bila risiti, kompyuta itatoa hesabu iliyo sahihi mpaka senti ya mwisho, na hesabu hiyo itakuwa uongo. Mwenye hoteli ameibiwa. Hazina ya taifa imeibiwa kodi. Mpishi anayeambiwa kwamba mshahara umechelewa kwa sababu biashara ni mbaya, naye ameibiwa.

Hila hii ni kongwe kuliko kompyuta, na hoteli zilizopangwa vizuri zina dawa yake. Inaitwa ukaguzi wa usiku. Mtu asiyefanya kazi mapokezi mchana huchukua orodha mbili na kuzilinganisha. Ya kwanza ni ya mfumo: vyumba vilivyouzwa, kwa bei gani, fedha ziko wapi. Ya pili huandikwa na wahudumu wa vyumba, wanaopita mlango kwa mlango na kuandika walichokiona kwa macho: kitanda kimelaliwa, taulo limelowa, mizigo ipo. Pale orodha hizo zinapopishana, pana jambo la kuuliza. Tazama basi nani hasa anayeilinda hoteli: si mashine ya bei ghali, bali mama mwenye ndoo na kipande cha penseli, ilimradi orodha yake isomwe. Katika hoteli aliyokwenda mwanafunzi wangu hakukuwa na ukaguzi wa usiku. Alipotaja chumba namba 7 aliambiwa kwamba kazi ya mwanafunzi ni mashuka.

(Wasomaji wa Kenya wataniuliza kwa nini nasema kompyuta na si tarakilishi. Tarakilishi ni neno zuri, nami nalifundisha. Lakini mapokezi ya Kabale hayalijui, na leo nataka nisomwe na watu wa mapokezi.)

Mifumo ya kuhifadhi nafasi ilizaliwa kwenye usafiri wa ndege. Miaka ya 1960, shirika la American Airlines pamoja na kampuni ya IBM waliunda mfumo wa SABRE, kwa kuwa kadi za karatasi zilishindwa kuwahakikishia abiria kwamba kiti kimoja hakijauzwa mara mbili. Hoteli zikafuata baadaye. Kusudi la asili lilikuwa hilo: kitu kimoja, mnunuzi mmoja, kumbukumbu moja. Mfumo wa namna hiyo pia hukumbuka nani aliingia, saa ngapi, na alibadilisha nini. Lakini neno la siri likibandikwa chini ya kibodi na kutumiwa na watu watano, kumbukumbu hiyo haina thamani. Itasema tu kwamba "mapokezi" ndiye aliyefanya.

Sasa nikutoe hotelini nikupeleke msituni, maana huko ndiko chumba namba 7 kinapotuhusu sote.

Kutoka Kabale hadi Msitu wa Bwindi si mbali. Bwindi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na Wabatwa walioishi humo wakatolewa. Utalii wa gorila ukaanza mwaka 1993. Kundi moja la gorila waliozoeshwa watu hutembelewa na wageni 8 tu kwa siku, kwa muda wa saa moja. Tangu Julai 2024 kibali kimoja kwa mgeni kutoka nje ya Afrika asiye mkazi ni dola 800, na kwa raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 300,000. Kwa maneno mengine, gorila wanauzwa kama vyumba: idadi ndogo, siku maalumu, bei kubwa. Kundi moja likijaa wageni wa kulipa dola, hizo ni dola 6,400 kwa siku.

Wanaoishi pembezoni mwa msitu, ambao migomba yao huliwa na wanyama, wana fungu lao katika fedha za hifadhi. Sheria inataka asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi zirudi kwa serikali za mitaa za maeneo jirani. Watu wengi hudhani ni asilimia 20 ya bei ya kibali; sivyo. Katika kibali fungu lao ni tozo ya gorila, dola 10 kwa kila kimoja. Wageni 8, dola 80. Ndizo zinazogeuka mbuzi, miche ya viazi, au bati la darasa. (Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilipandisha kibali chake hadi dola 1,500 mwaka 2017 na fungu la jamii hadi asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi. Watu wa Kisoro wana ndugu upande ule, na kulinganisha hakuzuiliki.)

Mwaka 2023 Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ilitangaza kuwasimamisha kazi baadhi ya watumishi wake kwa tuhuma za ulaghai katika vibali vya gorila. Sina nia ya kumhukumu mtu hapa. Hiyo ni kazi ya mahakama. Ninachokitaka ni kwamba tuutazame muundo. Mgeni akipanda mlimani kwa karatasi isiyo na malipo nyuma yake, huyo ni mgeni aliyelala chumba namba 7. Gorila wametazamwa, njia imekanyagwa, kiongozi wa msafara amefanya kazi yake, na katika kompyuta nafasi ile ni tupu. Dola 10 za jirani hazikuibwa kutoka kwenye sanduku lake. Hazikuwahi kuandikwa kwamba ni zake. Ndiyo maana hawezi hata kulalamika.

Wakati mwingine nasikia ikisemwa kwamba dawa ni kuleta mfumo mpya. Mfumo bora ni jambo jema. Ila mfumo mpya unaolishwa na mkono uleule, bila orodha ya pili, utafanya uongo wa zamani kwa kasi zaidi. Msituni orodha ya pili ipo kila asubuhi: kabla ya kupanda, wageni hukusanyika, huhesabiwa, hugawanywa katika makundi. Hesabu ya lango inapaswa kukutana na hesabu ya ofisi, na mwananchi ana haki ya kuuliza kama zimekutana.

Hapo silaha yetu ni Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005, iliyotokana na Ibara ya 41 ya Katiba. Raia wa Uganda anaweza kuomba taarifa zilizo mikononi mwa chombo cha umma. Halazimiki kuwa mwandishi wa habari wala wakili, na sababu zake za kuuliza haziwezi kutumiwa kumnyima. Chombo hicho kina siku 21 za kumjibu. Barua huelekezwa kwa mtendaji mkuu, kwa kuwa sheria imemfanya yeye kuwa ofisa wa taarifa.

Zoezi la uandishi wa barua rasmi muhula huu nimeligeuza kuwa hilo. Wanafunzi wanaandika kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ambacho ofisi inakisoma, na maswali ni manne. Mwezi uliopita viliuzwa vibali vingapi katika kila eneo la Bwindi, yaani Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo? Wageni wangapi walihesabiwa kuingia katika kila eneo? Tozo ya gorila iliyotokana nao ni kiasi gani? Na imepelekwa wilaya ipi, Kanungu, Rubanda au Kisoro, tarehe gani?

Swali la kwanza likijibiwa peke yake halitatusaidia. Liombe pamoja na la pili, na uombe yajibiwe kwa mwezi uleule. Kama wewe ni jirani wa hifadhi nyingine, tuseme Queen Elizabeth, liache swali la tozo ya gorila na badala yake uulize viingilio na asilimia 20 yake. Barua iliyobaki ni ileile, na siku ni 21 vilevile.