Safari Yangu ya Busia

Wengi wa wasomaji wa gazeti hili ni watu wa makanisa mengine, nami mwenyewe nalisomeshwa tangu utoto katika shule ya misheni isiyo ya kanisa langu. Kwa hiyo yanipasa kueleza kwanza mambo machache, ndipo safari yangu ieleweke. Mimi ni mtu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka wa 1830 katika jimbo la New York, Marekani, nalo likakubaliwa na serikali ya Kenya kwetu mwaka wa 1991. Vijana wake wa kiume hutumwa kuhubiri kwa muda wa miaka miwili pasipo mshahara, wawili wawili, wala mmoja hamwachi mwenzake mchana wala usiku. Huvaa shati jeupe na tai, na kifuani kibao cheusi chenye jina. Mbele ya jina hilo pana neno la Kiingereza ambalo katika Kiswahili cha kanisa letu ni Mzee. Basi mimi nalivikwa uzee huo nikiwa na miaka 20, na kidevu changu hakijaota ndevu.

Nalitumwa Uganda. Mwaka wa 2012 nalikuwa Jinja pamoja na mwenzangu, kijana wa Marekani kutoka jimbo la Utah, mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili ila salamu. Tulikuwa tumewekwa kuwaangalia wahubiri wa sehemu ile yote, na katika kazi zetu mojawapo ilikuwa kuwahoji watu waliokuwa tayari kubatizwa. Maana kwetu mtu hahojiwi na yule aliyemfundisha. Sharti aje mwingine, akae naye peke yake, amwulize maswali ya imani na ya mwenendo wake.

Ijumaa tarehe 2 Machi tuliondoka Jinja alfajiri kwa takisi, ndiyo gari ambalo sisi wa Kenya huliita matatu. Tulipita mashamba ya miwa ya Kakira, tukashuka Iganga, tukashinda pale na wahubiri wa mji ule tukitembelea nyumba saba kwa miguu, na mvua ikatunyeshea mara mbili. Jioni tukapanda takisi nyingine. Tulipita mashamba ya mpunga ya Kibimba, kisha msitu wa Busitema ambako nyani hukaa kando ya barabara wakiwatazama abiria kana kwamba wao ndio wenye kutoza nauli. Tulifika Busia usiku, tukalala sakafuni katika nyumba ya wahubiri wa huko. Nilikuwa na daftari ndogo ambayo nimeandika kila saa ya siku zile tatu na kazi yake, nami nalijivunia daftari ile kuliko vazi.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulifika kwa yule mzee tuliyekuja kumhoji. Jina lake sitalitaja. Alikuwa Msamia, mwenye umri wa miaka sitini na zaidi, mkulima wa mihogo na mtama, naye kwa kuwa alikaa mpakani alisema Kiswahili vizuri. Alikuwa amehudhuria ibada kwa miezi mitano. Alikuwa ameacha kiko chake, ameacha pombe ya ulezi ambayo wazee wenzake huinywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, ameacha na chai na kahawa, maana hivyo vyote twakatazwa. Wale vijana waliomfundisha walimsifu sana.

Tulikaa chini ya mwembe, mimi na yeye. Mwenzangu alikaa mbali kidogo mbele ya jiko pamoja na wanawake wawili wa nyumba ile, akipukusa mahindi nao, wakicheka kwa kuwa vidole vyake vililainika upesi. Nikauliza maswali yangu kwa mpango, naye akajibu yote kwa utulivu. Hata nilipofika swali la ndoa, akanionyesha kwa kidevu kuelekea jikoni, akasema, “Yule ni mke wangu, nalimwoa kwa ng'ombe nikiwa kijana. Na yule mwingine ni mke wa marehemu ndugu yangu. Ndugu yangu alipokufa nalimrithi, kama ilivyo desturi yetu. Watoto wale wadogo watatu, wawili ni wa ndugu yangu na mmoja ni wangu.”

Kumbe wale vijana waliomfundisha walipoambiwa “mke wa marehemu ndugu yangu” walidhani ni shemeji tu. Mzee hakuwadanganya, hawakuuliza.

Nalijua la kujibu. Kanisa letu halimbatizi mtu aliye katika ndoa ya mitara. Na shauri hili si letu peke yetu, kama wajuavyo walimu wenzangu. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth mwaka wa 1888 walikata kwamba mwanamume wa wake wengi asibatizwe, bali awekwe katika mafundisho mpaka hali yake iweze kukubalika. Na mwaka wa 1988, baada ya miaka 100 kamili, walikubali abatizwe pamoja na wake zake kwa ahadi ya kutoongeza mwingine, wala asilazimishwe kuwafukuza alio nao kwa sababu ya shida itakayowapata. Ikiwa wazee waliojaa chumba walihitaji karne nzima, msomaji aweza kupima jinsi lilivyonifaa mimi, kijana wa miaka 21, asiyeoa, mwenye saa mkononi.

Maana nalitazama saa. Ilikuwa karibu saa nne na nusu, na saa nane palikuwa na ubatizo Iganga ambao daftari yangu ilisema tuwepo. Nikasimama. Ningaliweza kusema, “Baba, neno hili ni kubwa kunishinda, nitawauliza wakubwa wangu.” Ningaliweza kukaa hata jioni. Badala yake nikasema nimesimama vile vile, huku nikifunga mkoba, “Haiwezekani, Mzee, ila umwache mmoja.”

Akaniuliza, “Nimwache aende wapi?”

Sikuwa na jibu, nikasema tutaonana tena, Mungu akipenda.

Hakukasirika. Aliuchukua mkoba wangu akatusindikiza mpaka barabarani, mwendo wa nusu saa, kama afanyavyo mtu kwa mgeni wake. Yule mjane wa ndugu yake alikuwa amempa mwenzangu karanga zilizokaangwa, zimefungwa katika gazeti. Sijui kama alikuwa ameyasikia maneno yetu. Na takisi, ee ndugu msomaji, ilikuwa tupu! Katika kituo kile gari haliondoki mpaka lijae, nasi tulikaa ndani yake tukingoja abiria kwa muda wa saa moja na zaidi. Ule wote ungekuwa wake. Mzee alisimama kando ya dirisha langu asiende zake, na baada ya kimya kirefu akakigusa kibao changu kwa kidole, akasema, “Mwanangu, hapa pameandikwa kwamba wewe ni mzee. Kwetu hata shauri la mbuzi, wazee hukaa kitako.”

Gari likaondoka. Karibu na Busitema mwenzangu aliniuliza yaliyotokea, nikamweleza kwa ufupi. Akanyamaza sana, kisha akasema kwamba babu wa babu yake huko Utah alikuwa na wake watatu, na yeye ni wa uzao wa mke wa pili. Nalijua habari hizo kwa vitabu: kanisa letu lilitangaza hadharani ndoa za mitara mwaka wa 1852, na mwaka wa 1890 rais wake Wilford Woodruff alitoa tangazo la kuziacha. Lakini kuzijua kwa vitabu ni mbali na kuketi bega kwa bega na mtu ambaye asingalizaliwa kama si ndoa hizo. Tulizila zile karanga zote tusiseme tena.

Tulifika Iganga tumechelewa. Mifereji ilikuwa haina maji, na vijana walikuwa wangali wakilijaza birika la kubatizia kwa majerikani waliyoyaleta kwa baiskeli. Aliyebatizwa alikuwa msichana wa shule. Kwetu mtu sharti azamishwe mwili wote, na mashahidi wawili husimama pembeni kuangalia. Mara ya kwanza upindo wa nguo ulielea juu, wakatikisa vichwa, ikabidi arudiwe. Alitoka akitetemeka kwa baridi na kucheka. Furaha ile ilikuwa ya kweli, wala siikani. Usiku tukafika Jinja.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku yetu ya kufunga, ambayo hatuli wala hatunywi kwa muda wa milo miwili, na ibadani kila apendaye husimama kushuhudia. Nami nalisimama. Nalisema habari za mvua, za nyani, za msichana aliyezamishwa mara mbili, na watu wakafurahi. Habari za mwembe nalizipita. Usiku, kama ilivyotupasa kila Jumapili, nikapeleka hesabu ya juma kwa simu: waliofundishwa wangapi, waliohudhuria wangapi, waliobatizwa mmoja. Hapakuwa na mahali pa kumtia yule mzee katika hesabu ile.

Baada ya majuma machache nalihamishwa Kampala, na mwaka wa 2013 nikarudi kwetu, nikasomea ualimu. Wale wahubiri wa Busia waliendelea kumtembelea. Wakubwa wangu nao, nilipowaeleza, walisema kanuni ni ile ile. Sasa nafundisha, na mara nyingi mzazi aliyenipita umri huja ofisini kwangu na shauri la mtoto wake, nami humvutia kiti kwanza, kisha nakaa.

Mwaka wa 2017, shule zilipofungwa, nilivuka mpaka nikaenda kumtafuta. Mwembe ulikuwapo. Naye alikuwapo, amekonda, jicho moja limeingia ukungu, na wake zake wote wawili wapo. Hakubatizwa. Alikuwa akienda ibadani kila Jumapili, akikaa benchi la nyuma kati ya wanawake wale wawili, na sahani ya mkate ilipopitishwa aliipokeza jirani bila kula, kwa kuwa alidhani si halali yake. Nalikaa kwake tangu asubuhi mpaka jua lilipopunga. Tulisema habari za mihogo, za shule, za bei ya ng'ombe. Nilipotaka kuomba radhi akanikatiza kuniuliza kama nimekwisha kuoa.

Alasiri mkaza mwana wake, aliyeolewa karibuni katika nyumba ile, alileta birika la chai na vikombe. Mzee akamwinulia mkono.

“Rudisha, mama,” akasema. “Huyu ni wa kwetu. Sisi hatunywi chai. Mpikie uji.”